Bendi chipukizi za roki Japani: mimi nilizipata hivi

Mkuu, umesema roki ya Kijapani unaijua kupitia anime tu, zile nyimbo za kufungulia na kufungia, na sasa unatafuta bendi zinazochipukia. Nimeona wadau wamekumiminia majina kama thelathini. Ni majina mazuri, ila ukiyasikiliza yote kwa wiki moja utachoka na hutakumbuka hata moja. Mimi nilisoma Kyoto miaka miwili, 2017 hadi 2019, na kule nilijifunza jambo moja ambalo bado nalitumia nikiwa hapa Dar: ukiipenda bendi, tazama inapanda jukwaa moja na akina nani.

Usiku wangu wa kwanza alinipeleka mwenzangu wa maabara. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, unashuka ngazi nyembamba zilizobandikwa stika kuanzia chini mpaka juu. Wajapani wanauita ukumbi wa namna hiyo raibuhausu. Kiingilio yeni 2,500, na juu yake yeni 600 za kinywaji, ambazo ni lazima hata kama huna kiu, kwa sababu kumbi nyingi zina leseni ya kuuza chakula na vinywaji. Dada wa mlangoni akaniuliza, "Leo umekuja kuona bendi ipi?" Nikamjibu kwa furaha, "Zote!" Akatabasamu, kalamu mkononi, asiandike kitu. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye majina ya bendi nne, na kando ya kila jina vistari vya kuhesabia watu.

Maana ya vile vistari niliielewa miezi kadhaa baadaye. Bendi changa nyingi hupiga kwa utaratibu unaoitwa noruma. Ukumbi unaipa bendi tiketi za kuuza, tuseme 15 au 20, na zisipouzwa zote, pengo wanalilipa wanabendi kutoka mfukoni. Kila kistari ni mtu mmoja aliyesema amekuja kwa ajili ya bendi hiyo. Kwa hiyo kijana unayemwona jukwaani akipiga gitaa mpaka jasho linadondoka kwenye nyuzi, huenda usiku huo amelipa ili apige. Mchana anauza dukani. Bendi nne au tano zinagawana usiku, kila moja nusu saa hivi, na kugawana jukwaa namna hiyo wanakuita taiban. Anayepanga taiban mara nyingi ni mtu wa ukumbi mwenye sikio zuri, au bendi yenyewe inayoalika bendi inazoziheshimu. Ndiyo maana nasema bango la onyesho ni mwalimu kuliko orodha yoyote.

Kitu kingine kilichonigusa ni vyombo. Bendi inakuja na magitaa na vikanyagio vyake vya kubadili sauti ya gitaa, mpiga dramu anabeba snea, ile ngoma yake ndogo, na pedali, basi. Amplifaya ni za ukumbi. Na karibu kila ukumbi na kila studio ya mazoezi utaikuta Roland JC-120, sanduku lenye spika mbili linalotengenezwa tangu 1975. Sauti yake ni safi, inang'aa kama maji ya baridi. Ukishaizoea utaisikia kwenye bendi nyingi za kule: gitaa safi linalolia kama kengele, kisha ghafla mguu unakanyaga kikanyagio na ukuta wa kelele unaanguka. Nilisimama hatua mbili kutoka spika hiyo usiku ule, na nikaona maji yanatetemeka ndani ya glasi yangu.

Kyoto ni mji wa vyuo, na vyuo ndivyo vinavyozaa bendi. Kila chuo kina vikundi vya wanafunzi vya muziki, na humo watu wanakutana. Quruli, bendi kubwa ya Kyoto, ilianzia Chuo Kikuu cha Ritsumeikan mwaka 1996. Otoboke Beaver, akina dada wanne wanaopiga panki ya kasi ya ajabu, nao walianzia Ritsumeikan, 2009. Homecomings ilitokea Chuo Kikuu cha Kyoto Seika. Halafu ziko kumbi zenyewe. Taku Taku ipo tangu 1974 ndani ya ghala la zamani la sake, pombe ya mchele, na kutani zimetundikwa mbao zilizochorwa kwa mkono majina ya waliowahi kupiga pale. Metro ipo kwenye njia ya chini ya kituo cha treni cha Jingu-Marutamachi.

Lakini chuo kinachozaa ndicho kinachoua. Mwaka wa masomo unaisha Machi, na kabla ya hapo wanafunzi wanaanza kusaka kazi: suti nyeusi, nywele zinarudishwa kwenye rangi yake, mpiga besi anapelekwa na kampuni mji mwingine. Kulikuwa na bendi ya vijana watatu niliyoifuata kwa mwaka mzima. Walikuwa wanauza sidii walizochoma wenyewe nyumbani, yeni 500, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Onyesho lao la mwisho tulikuwa watu kama ishirini. Sidii yao ninayo, na muziki huo haupo popote mtandaoni. Nadhani humo umo wimbo bora wa gitaa niliowahi kuusikia, na siwezi kukutumia kiungo.

Sasa majina, kama ulivyoomba. Anza na Hitsujibungaku, jina lenye maana ya fasihi ya kondoo. Si wachanga tena, ila watakuvusha kutoka kwenye anime, maana wimbo wao ulikuwa wa kufungia anime ya Jujutsu Kaisen mwaka 2023. Sauti ya mwimbaji wao, Shiozuka Moeka, inaelea juu ya gitaa zito, hapigi kelele kamwe, na bado inakufikia. Ukiwapenda, nenda moja kwa moja kwa Kurayamisaka wa Tokyo. Ni watano, walitoa albamu fupi mwaka 2022, na hao ndio ninaowapigania kwenye uzi huu. Magitaa yamerundikana lakini melodia haipotei chini yake. Niliusikiliza wimbo wa kwanza mara tatu nikiwa kwenye mwendokasi na nikapitiliza kituo.

Kama unataka giza zaidi, tafuta betcover!! ya Yanase Jiro. Sikiliza albamu ya 2021 inayoitwa "Jikan", yaani muda, na "Tamago", yai, ya 2022. Zimechanganya roki, jazi na uimbaji wa zamani wa Kijapani, na zinataka usikae na simu mkononi. Mimi ilinichukua mwezi mzima kuzielewa.

Otoboke Beaver nimeshawataja, ila usiwaruke kwa sababu tu wanajulikana ng'ambo. Albamu yao "Super Champon" ya 2022 ina nyimbo 18 kwa dakika kama 21. Wanaimba kwa lahaja ya Kansai, eneo la Kyoto na Osaka, na hasira yao ina mahesabu: wanne wanasimama kwa pamoja, kimya, kisha wanaanza kwa pamoja bila kupishana hata nukta. Kwa upande wa metali wapo Hanabie., bendi ya akina dada iliyoanza 2015 wakiwa shule. Mimi si mtu wa metali, kwa hiyo nawaachia wadau wengine wakueleze zaidi. Na kwa bendi zote hizi, ukitaka kujua gitaa lile kali linatoka wapi, rudi nyuma kwa bendi ya Number Girl ya mji wa Fukuoka, enzi zao za 1995 hadi 2002. Vijana wengi niliozungumza nao baada ya maonyesho waliwataja hao kwanza.

Ukiwa huku nyumbani fanya hivi. Fungua kurasa za bendi unayoipenda, tafuta picha za mabango ya maonyesho yao madogo, achana na matamasha makubwa. Kila bango lina majina matatu au manne. Yanakili kwa herufi zao za Kijapani, kwa mfano 羊文学, yaani Hitsujibungaku, uyabandike YouTube, maana ukiandika kwa herufi zetu bendi changa nyingi hazitokei. Kila jina litakupeleka kwenye bango jingine. Kurayamisaka niliwapata hivyo hivyo, nimekaa Tabata, usiku, umeme umerudi saa tano.

Na ukijaliwa kufika kule, mtu wa mlangoni atakuuliza umekuja kuona nani. Usijibu kama mimi. Chungulia ile karatasi yake, utaje bendi yenye vistari vichache.