Miguu imepinda, nimfunge khanga?

SWALI: Dada shikamoo, naishi Usa River, nina watoto wawili. Mdogo ana miezi 16, alitembea mapema ana miezi 10 tu, sasa akisimama magoti hayakutani kabisa. Mama mkwe anasema ni vile nambeba mgongoni, kila usiku anampaka mafuta anamfunga miguu kwa khanga eti inyooke, mtoto analia mpaka nasikia uchungu. Kaka yake ana miaka 7, miguu iko sawa ila meno yana madoa ya kahawia. Nimpeleke hospitali au nisubiri?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hiyo khanga mfungue leo leo, inamtesa tu. Matege hayaletwi na kubebwa mgongoni, mwambie bibi taratibu maana na yeye anafanya kwa kumpenda mjukuu. Mtoto anakaa amejikunja tumboni, ndo maana wengi wanazaliwa miguu imepinda kidogo na wakianza kutembea inaonekana zaidi, halafu kwenye miaka 2 hivi inanyooka yenyewe. Na akifika miaka 3 au 4 magoti yakaanza kugongana usishtuke, nayo hupita, mpaka miaka 7 inakuwa ishakaa sawa.

Wewe mlaze chali, nyoosha miguu, kutanisha vifundo, pima kwa rula nafasi ya kati ya magoti, andika na tarehe kwenye daftari, rudia kila miezi 3. Ikipungua, tulia. Ila ikizidi, au mguu mmoja umepinda kuliko mwenzie, anachechemea, anaumwa miguu, harefuki kama wenzake, vifundo vya mikono karibu na kiganja vimevimba, au kapita miaka 2 na hakuna dalili ya kunyooka, mpeleke apigwe eksirei. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini D au kalsiamu, au mfupa chini ya goti haukui sawa upande wa ndani, hii inawapata sana watoto wazito waliowahi kutembea kama wako, na ukiwahi kuna kifaa anavalishwa, ukichelewa ndo mambo ya operesheni.

Sasa kilichonishtua mimi ni meno ya kaka. Huko kwenu chini ya Mlima Meru maji mengi ya visima na chemchemi yana madini ya floraidi kwa wingi, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana, miaka ikienda, inaharibu meno na mifupa pia, kuna watoto wa huko wamepinda miguu kwa ajili hiyo. Na kuchemsha hakusaidii mama, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Magadi ya kwenye makande nayo yana floraidi, achana nayo kabisa. Kinga maji ya mvua kwenye chombo kisafi, ndo muwe mnakunywa na kupikia uji wa mdogo.

Ukienda kliniki nenda na wote wawili, na umwambie daktari mnachota maji wapi hata kama hajakuuliza.