Dodoso Limetafsiriwa, Lakini Limepima Nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea uzamili wa saikolojia ya jamii. Utafiti wangu unahusu ustawi wa wavuvi wa Tongoni na wakazi wa mashamba ya mkonge Muheza. Nimetumia dodoso la sonona la PHQ-9. Nimelitafsiri kwa programu ya simu, rafiki akalipitia. Wamejibu watu 120, na alfa ya Cronbach ni 0.83. Muheza theluthi nzima wamepata 10 au zaidi, Tongoni karibu hakuna. Je, niandike kwamba wavuvi wana afya bora ya akili kuliko watu wa mkonge? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo. Na hiyo alfa iweke kando kwanza, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Kila mwaka wanafunzi huja nayo kama hati ya kiwanja. Alfa inakuambia tu kwamba maswali yako tisa yanakwenda pamoja. Mtu wa adabu akijibu "hapana" mara tisa, na anayetarajia msaada akajibu "ndiyo" mara tisa, alfa itapanda vizuri sana, na wewe hujapima sonona hata kidogo.

Tuanze na Tongoni. Mtu wa pwani ukimuuliza habari atasema "salama" hata kama matanga hayajaanuliwa. Habari yenyewe huja baadaye, ikitanguliwa na "ila". Dodoso lako halina nafasi ya "ila". Umechukua salamu, ukaihesabu kuwa afya.

Muheza ni kinyume chake. Fanya hesabu: kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Usingizi, uchovu na hamu ya kula ni maswali matatu. Mkata mkonge anayeamka alfajiri, anayechoka kwa kazi na kula mlo mmoja anaweza kupata 9 hapo hapo, kabla hujagusa huzuni. Bado alama moja tu afike kwenye kikomo chako cha 10. Kama uliingia shambani ukiongozana na nyapara, au ukiwa na karatasi zinazofanana na za kuandikisha misaada, na hilo nalo limo ndani ya majibu.

Kisha kuna kalenda. PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita. Mvuvi wa dagaa hukesha na taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikitoka, kwa hiyo mtu yule yule atajibu swali la usingizi kwa namna mbili ndani ya mwezi mmoja. Ukikusanya data Ramadhani, swali la kula na la kulala yote mawili yamevurugika. Hujaandika tarehe za mahojiano yako, ziandike.

Tafsiri nayo ina mambo yake. Swali la 8 linauliza kama mtu anatembea au kusema polepole kiasi cha watu kumshangaa. Tanga! Swali la 7 linatoa mfano wa kusoma gazeti. Mama anayesuka ukili ungemuuliza kama anapoteza hesabu ya miyaa, angekuelewa mara moja. La 9, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo la hatari: kwetu "nina mawazo" tayari maana yake ni "nina dhiki", hivyo swali linaloanza na "mawazo" huweza kujibiwa "ndiyo" kabla neno kufa halijasikika. Programu ya simu haijui hayo, na rafiki aliyepitia huku akiiona Kiingereza pembeni hayaoni.

Kazi ilipaswa kuanza bila dodoso. Waulize watu 20 hadi 30 kila upande, mmoja mmoja: mambo gani huwafanya watu wa hapa wasiishi kwa raha, na mtu wa namna hiyo mnamjuaje? Andika maneno yao kama yalivyo: moyo mzito, kunyong'onyea, kuwaza sana, pepo. Usiyasahihishe. Muheza kumbuka kuna Wabondei, na kuna wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkonge waliotoka Kigoma na kwingineko. Neno la mmoja si la mwenzake. Ndipo watafsiri wawili wafanye kazi bila kuonana, wa tatu ambaye hajaona dodoso la Kiingereza airudishe tafsiri kwenye Kiingereza, kisha mketi mzozane. Baada ya hapo chukua watu wanane hadi kumi kila kundi, uwasomee swali, uwaombe walirudie kwa maneno yao. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofichua mengi. Kwa majibu ya dodoso kama "siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku", weka punje 14 za mahindi mezani, moja kwa kila siku ya hizo wiki mbili, mtu atenge.

Wengine wamekwisha kupita njia hii. Rwanda mwaka 1999, mtafiti Paul Bolton alianza na maneno ya wenyeji, kama agahinda, yaani huzuni nzito, kabla ya kutumia kipimo cha kigeni. Zimbabwe walitengeneza dodoso lao la Kishona lenye maswali 14, na kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, likawa neno la kazi hata kwa bibi wanaosikiliza watu kwenye mabenchi ya kliniki.

Kuhusu hicho kikomo cha 10: kilitokana na wagonjwa wa kliniki za Marekani, makala ya 2001. Ni ishara kwamba mtu ahojiwe na mtaalamu, basi. Lakini siku hizi mtu anahudhuria semina ya siku mbili, anapata cheti, anapita mitaani na fomu, kisha anasimama mbele ya kikao cha kata kutangaza kwamba asilimia fulani ya wakazi ni wagonjwa. Bei ya mkonge, nyavu zilizochanika, deni la duka, vyote vimegeuzwa ugonjwa ndani ya vichwa vya watu, na anayetangaza ana ushauri nasaha wa kuuza. Kijiji kikishapewa jina hilo, kulivua ni kazi.

La haraka kuliko yote: rudi kwenye fomu zako leo, utafute kila aliyejibu zaidi ya 0 kwenye swali la 9. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo aliyekuambia mambo hayo huenda amejihatarisha. Usimpitishie mjumbe wala mwenyekiti wa kitongoji. Mfuate mwenyewe, faraghani, pamoja na mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali, kwa mfano Bombo, uliyekwisha kuzungumza naye. Kama hukumtafuta mtaalamu huyo kabla ya kugawa fomu, mtafute kabla ya kufungua tena kompyuta.