Fireball, Counterspell mbili na Silence: nani alikuwa sahihi mezani?

SWALI: Habari kaka. Mi ni DM (mwendesha mchezo) wa kundi la watu watano, tunacheza ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons toleo la tano, wengine wana kitabu cha 2014 wengine wameshahamia cha 2024. Wiki iliyopita mchawi wetu alijihamisha kwa Misty Step (uchawi wa kuhama ghafla), zamu ileile akarusha Fireball (mpira wa moto), mchawi wa adui akaizima kwa Counterspell (uchawi wa kuzima uchawi), wetu naye akasema anaizima hiyo Counterspell kwa Counterspell yake. Hapo kelele zikaanza. Mmoja anasema huwezi kutumia riaksheni (kitendo cha haraka cha kujibu tukio) kwenye zamu yako mwenyewe, mwingine anasema adui alikuwa ndani ya Silence (uchawi wa kunyamazisha) ya kasisi wetu kwaiyo hata yake haikupaswa kutoka. Kabla hatujatulia mwizi wetu akapiga Sneak Attack (pigo la kuvizia lenye madhara ya ziada) mara ya pili raundi hiyohiyo. Mwishowe nikaruhusu Fireball ipite, adui akafa, na sasa kuna wanaotaka turudishe mchezo nyuma. Nani alikuwa sahihi?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Mi naendesha meza kwa malipo, na Counterspell inaniletea kesi kuliko kitu kingine chochote kwenye huu mchezo, kwaiyo pole. Ila kabla hujamhukumu mtu, kuna kitu mmekiruka wote: mmegombania Counterspell kumbe tatizo lilianza mapema zaidi. Baada ya ile Misty Step, Fireball haikutakiwa kutoka kabisa.

Kitabu cha 2014 kinasema ukirusha uchawi kwa bonasi aksheni (kitendo kifupi cha ziada kwenye zamu), basi zamu hiyo uchawi mwingine unaoruhusiwa ni kantripu (uchawi mdogo usio na kikomo) tu, tena ile inayotumia aksheni moja (kitendo kikuu cha zamu). Misty Step ni bonasi aksheni, Fireball si kantripu, hapo hakuna mjadala. Na marufuku hiyo inashika zamu nzima pamoja na riaksheni, yaani mchawi aliyejihamisha kwa Misty Step halafu akatembea akapita karibu na adui na kupigwa pigo la fursa (pigo la riaksheni kwa anayeondoka karibu), hana Shield (uchawi wa kujikinga) wala Counterspell mpaka zamu yake iishe, na hili wachezaji wengi sana hawalijui. Cha 2024 kimebadilisha swali lenyewe. Hakijali tena kama umetumia bonasi aksheni, kinachojali ni sloti (akiba ya kurushia uchawi, kila moja na levo yake): kwa zamu moja unaruhusiwa kutumia sloti moja tu kurusha uchawi. Misty Step imekula sloti ya levo 2, Fireball inataka ya levo 3, haipiti. Kwaiyo kwa kesi yako vitabu vyote viwili vinamkatalia, ila kila kimoja kwa sababu yake.

Sababu hizo zikitofautiana ndo balaa linapoanza. Chukua mchawi mwenye Fey Touched (kipaji cha ziada), ambaye anaweza kurusha Misty Step bila kutumia sloti mara moja hadi apumzike mapumziko marefu. Kwa kitabu kipya anajihamisha bure, sloti yake ya zamu bado ipo, anarusha Fireball na hakuna wa kumzuia. Kwa kitabu cha zamani hata kama ni bure bado ni uchawi wa bonasi aksheni, kwaiyo Fireball hapana. Geuza upande wa pili: 2014 mchawi aliyechukua levo mbili za mpiganaji akapata Action Surge (aksheni ya ziada kwenye zamu) anarusha Fireball mbili zamu moja na ni halali kabisa, maana hakuna hata moja iliyotumia bonasi aksheni, wakati 2024 Action Surge imezuiwa isitumike kwa aksheni ya uchawi. Mnavyochanganya vitabu mezani kila mtu anakuwa anasoma sheria sahihi, ya kitabu chake, na mtabishana mpaka asubuhi.

Haya, tuseme Misty Step haikuwepo, mchawi wako amesimama tu akarusha Fireball. Huyo aliyesema huwezi kutumia riaksheni kwenye zamu yako amekosea moja kwa moja, sheria inasema riaksheni inaweza kutokea kwenye zamu yako au ya mwingine, muhimu tu iwe haijatumika, na inarudi mwanzoni mwa zamu yako. Kwa 2014 basi ile ngoma yenu ilikuwa safi: Fireball kwa aksheni, Counterspell ya adui kwa riaksheni, Counterspell ya wetu kwa riaksheni, ya mwisho inaamuliwa kwanza, ikifanikiwa ya adui inakufa na Fireball inaendelea. Na adui hawezi kuzima tena maana riaksheni yake imeshakwenda, labda awe na mchawi mwenzake pembeni. Watu wanaogopa kwamba mnyororo huu hautakwisha, lakini unaisha haraka sana kwa sababu kila mtu ana riaksheni moja tu, hata awe na sloti kumi. Gharama yake ni kwamba mchawi wako sasa hana Shield mpaka zamu yake ijayo, DM mwenye roho mbaya atawatuma wapiga mishale wote kwake na mimi ningefanya hivo.

Kwa 2024 hapana. Ameshatumia sloti kwa Fireball, ni zamu yake bado, Counterspell ya sloti haiwezekani. Mwenzake anaweza kumsaidia, kwa mfano kama kuna mchawi mwingine kwenye kundi, yeye hajatumia sloti kwenye zamu hiyo kwaiyo anaruhusiwa. Kuna wajanja watakwambia eti kitabu kipya kinasema uchawi ukizimwa na Counterspell sloti haipotei, basi ni kama hakutumia, basi anaweza kujibu. Mi siwakubalii, kwa sababu wakati anataka kujibu Fireball yake haijazimwa bado, ndo kwanza inataka kuzimwa, huwezi kudai marejesho ya kitu ambacho hakijatokea. Ila ikishazimwa kweli, sloti imerudi, hapo nakubali kwamba zamu ikiwa bado inaendelea anaweza kutumia sloti kwa uchawi wa bonasi aksheni. Hivo ndivyo ninavyoyasoma maneno yenyewe. Na ujue pia maadui wengi wa kitabu cha maadui cha 2025 (Monster Manual) hawatumii sloti kabisa, wamepewa idadi ya mara kwa siku, kwaiyo hiyo sheria ya sloti moja inawabana wachezaji kuliko inavyokubana wewe. Baadhi ya wachezaji watanuna.

Kitu kingine, mmeniandikia kwamba Counterspell "ilizima" lakini hamkusema mlipiga dadu gani, na vitabu vinatofautiana kabisa hapo. 2014, Counterspell ya sloti ya levo 3 inazima uchawi wowote wa levo 3 kushuka chini bila dadu. Kama Fireball ilirushwa kwa sloti ya levo 5, na Counterspell ni ya levo 3, mzimaji anapiga dadu ya pande 20 anajumlisha modifaya (nyongeza ya sifa) yake ya uchawi, DC (namba ya kufikia) ni 10 jumlisha levo ya uchawi, yaani 15. Haongezi profishensi (nyongeza ya ustadi), hapo ndo watu wanapojipunja au kujipendelea. Mwenye Intelligence (akili) 18 ana +4, anahitaji 11 kwenda juu, nusu kwa nusu. 2024 wameligeuza: anayerusha ndo anapiga sevu (dadu ya kujinusuru) ya Constitution (uimara wa mwili) dhidi ya DC ya mzimaji, na levo haijalishi tena. Mchawi wako mwenye +2 ya Constitution mbele ya DC 15 anahitaji 13 au zaidi, yaani asilimia 40 tu uchawi wake unapona, hata angerusha kwa sloti kubwa kiasi gani. Mi binafsi naipenda hii mpya kwa sababu kila mtu anapiga dadu badala ya uchawi kufa kimyakimya, japo wachezaji wangu wawili watatu hawataki kuisikia.

Na usiwe unatangaza jina la uchawi kabla hujauliza kama kuna anayejibu. Sema "mchawi anaanza kunyanyua mikono", nyamaza kidogo, subiri mtu aseme nazima. Kwa sheria za hiari za Xanathar's Guide za 2017, kuutambua uchawi wakati unarushwa kunahitaji riaksheni na dadu ya Arcana (ujuzi wa mambo ya uchawi) ya DC 15 jumlisha levo, na ukishatumia riaksheni kutambua huna tena ya kuzimia. Mlivyocheza nyie, adui alijua ni Fireball kabla hata haijaanza kuwaka, na wachezaji watadai haki hiyohiyo.

Sasa Silence. Kasisi wenu alifanya kazi nzuri lakini haikumzuia adui, pole yake. Ndani ya ile duara ya futi 20 kila upande kutoka katikati, uchawi unaohitaji sauti hauwezekani. Fireball inahitaji sauti, ishara ya mkono na kifaa. Misty Step ni sauti tu. Counterspell ni ishara ya mkono peke yake, haina sauti. Kwaiyo adui aliyefungwa ndani ya Silence hawezi kurusha Fireball, hawezi kukimbia kwa Misty Step, ila anaweza kukaa humohumo ndani akawa anazima wenzake raha mustarehe, mradi anamwona anayerusha na yuko ndani ya futi 60. Silence haizibi macho. Na kama mlikuwa mnajiuliza, Fireball yenyewe ikitua ndani ya Silence inalipuka kawaida na 8d6 (dadu nane za pande sita) zake zote, kinga ya Silence ni kwa madhara ya radi tu, moto haumo.

Hapohapo kuna suluhisho ambalo hamkuliona. Fireball inafika futi 150, Counterspell inafika 60. Mchawi wako angerudi nyuma mpaka futi 65 au 70 asingekuwa na kesi na mtu. Njia nyingine ni kutoonekana: Counterspell inataka mzimaji amwone anayerusha, kwaiyo kurusha akiwa kwenye giza ambalo adui hapenyi, au akiwa na Greater Invisibility, kunaziba kabisa mlango. Ile Invisibility ya kawaida pia inafaa kwa Counterspell lakini inaisha ukisharusha, na wengine watakuletea ubishi kwamba imeisha kabla au baada, mi nasema anaporusha bado haonekani maana inaisha akisharusha. Wenye Subtle Spell (mbinu ya kurusha uchawi kwa siri) nao waangalie vizuri, 2014 inaondoa sauti na ishara lakini kifaa kinabaki, na Fireball ina kifaa, ule mchanganyiko wa kinyesi cha popo na salfa, kwaiyo bado inaonekana na inazimika. 2024 Subtle Spell inaondoa na kifaa pia, isipokuwa kile chenye bei au kinacholiwa na uchawi.

Nikuachie na mtego mmoja wa mikono, maana nautumia mezani kuwatesa watu. Mkono ulioshika fimbo ya uchawi unaruhusiwa kufanya ishara kama uchawi huo unahitaji kifaa. Counterspell haihitaji kifaa. Kwaiyo mchawi mwenye fimbo mkono mmoja na mwenge mkono mwingine anaweza kurusha Fireball lakini hawezi kuizima ya adui, labda adondoshe kimoja. Mezani kwako ukiona hii inaua raha iachie, hakuna atakayekukamata.

Mwizi wenu alikuwa sahihi kwa vitabu vyote. Sneak Attack ni mara moja kwa zamu, haijaandikwa popote kwamba ni mara moja kwa raundi (mzunguko wa zamu za wote). Anapiga kwenye zamu yake, halafu zamu ya adui, adui anajaribu kuondoka pembeni yake, anampiga pigo la fursa na Sneak Attack inaingia tena kama masharti yapo: silaha ifaayo, na advanteji (kupiga dadu mbili na kuchukua kubwa) au mwenzake awe ndani ya futi 5 za huyo adui. Wakijanja zaidi mtu akiwekewa Haste (uchawi wa kasi) anashambulia kwa ile aksheni ya ziada kwenye zamu yake, halafu aksheni ya kawaida anaitunza ashambulie zamu ya mtu mwingine, ndo Sneak Attack mbili kila raundi kwa makusudi. Usimnyime. Analipa kwa riaksheni, na mwizi asiye na riaksheni hana Uncanny Dodge (riaksheni ya kupunguza madhara), mtafute jitu moja kubwa limpige yeye kabla zamu yake haijarudi.

Kuhusu kurudisha nyuma, usirudishe. Adui amekufa, abaki amekufa, sloti zilizotumika zimetumika, hata mwizi asidai kitu. Kinachotakiwa ni kabla ya kikao kijacho mkubaliane kitabu kimoja kwa kila mtu pamoja na maadui, hata kama ni cha 2014, mi sina shida nacho. Na asiye na hela ya kitabu asipewe kisingizio: sheria za msingi za 2014 ziko bure kwenye SRD 5.1 (hati rasmi ya sheria za mchezo) iliyowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, na za toleo jipya kwenye SRD 5.2 ya 2025. Fireball, Counterspell, Silence, Misty Step na Sneak Attack zote zimo. Leseni yenyewe inaruhusu hata kuzitafsiri kwa Kiswahili ukitaja zilikotoka, kwaiyo kama kuna mtu kwenye kundi lenu ana muda wikiendi, aanze na ukurasa wa riaksheni.