Mwanangu anasema dini ni ya wazungu, nimjibuje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina watoto watatu, huyu wa kwanza yuko form three. Kipaimara kapata na kwaya ya vijana alikuwa anaimba vizuri tu, ila saivi Jumapili ikifika anajifunika shuka anasema tumbo. Juzi nikambana, akasema mama hii dini ni ya wazungu, walituletea ili watutawale, kaona TikTok. Baba yake kamnyang'anya simu na kasema hela ya twisheni hatoi mpaka arudi kanisani. Nyumba haina amani. Mama K, Kitangiri.

JIBU: Marahaba mama K. Kwanza twisheni ilipwe, hiyo msiichanganye na kanisa hata kidogo, kijana akirudi kwaya kwa kuogopa kukosa hesabu mtakuwa mmepata mwimbaji tu. Simu nayo mrudishieni, mkubaliane usiku inalala kwenu sebuleni.

Halafu mimi huyo kijana nimempenda. Wenzake wengi wanaondoka kimya kimya, yeye kakupa sababu kabisa, na sababu yake nusu ni kweli, ndo maana ukimjibu kwa kufoka umeshindwa. Wamisionari wa White Fathers walifika ziwani kwetu 1878, pale Kageye wilayani Magu, na miaka michache baadaye Mjerumani akatutawala, wapo watu wa kanisa waliokaa naye vizuri tu bila kusema kitu. Usimfiche hayo, atayapata TikTok yakiwa yametiwa chumvi.

Ila mpe na ile nusu nyingine. Kwenye Matendo sura ya 8 kuna towashi wa Kushi anabatizwa, Mwafrika huyo, na Ulaya injili ilikuwa bado haijafika. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo karne ya 4. Augustino ambaye wazungu wenyewe wanamsoma mpaka leo kazaliwa 354 Thagaste, nchi ya Algeria. Na hapo ng'ambo ya ziwa wale mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa 1885 mpaka 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, wakati Mwingereza hajaanza kutawala pale, alijitangazia nchi 1894. Wengi walikuwa vijana, Kizito anatajwa kuwa na miaka kama 14 hivi, mdogo kuliko mwanao. Muulize sasa hawa walikuwa wanamfurahisha mzungu gani?

Lakini usimkalishe kwenye kochi ukamsomea yote haya kama hakimu. Mchukue Jumamosi Mwaloni mkafungashe dagaa kwenye viroba, mikono ina kazi, macho hayakutani, hapo vijana ndo wanaongea. Wewe sikiliza zaidi. Ukibanwa na swali sema sijui tutauliza, haikupunguzii umama. Luka 2:46 Yesu ana miaka 12 yuko hekaluni anawasikiliza walimu na kuwauliza maswali, siye ukiuliza swali kipindi cha kipaimara unaambiwa kariri kwanza.

Na mtafutie mtu mmoja wa kanisani kwenu ambaye si baba wala mchungaji, hapo Mwanza wanachuo wamejaa SAUT na Bugando, akae naye waangalie hizo video pamoja, wasimamishe, wabishane. Nauli ikipatikana waende na Kageye. Palikuwa pia kituo cha misafara ya pembe na watumwa, kwahiyo ataona yote mawili mahali pamoja na maswali yataongezeka, yaacheni yaongezeke. Baba naye asiseme kitu kwa muda, najua ni ngumu.

SWALI: Nafundisha vijana kanisani, Nyegezi. Wanasoma Biblia kwenye simu, wazee wamekasirika wanataka kitabu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Biblia ya kwenye simu ni Biblia. Shida ni meseji zinazoingia katikati ya Warumi, kwahiyo washushe programu inayosoma bila bando na wazime data kabla ya kipindi. Wazee nao wazime, maana ukichungulia zao wakati wa mahubiri utakuta wako kwenye grupu la ukoo wanachangishana harusi.