Teke la bunduki na risasi nzito

SWALI: Nawinda bata bukini hapa Minnesota kwa Benelli Super Black Eagle, bunduki ya marisau (vipira vidogo vya madini) inayojipakia risasi yenyewe. Nikitia risasi zenye urefu wa inchi 3.5, bega huniuma hadi usiku. Rafiki yangu ananisifia Beretta A400, bunduki ya aina hiyohiyo. Ni laini kweli?

JIBU: Kweli, ndugu yangu. Benelli yako huendeshwa na springi na mrudi wa bunduki yenyewe. Nyepesi, haishiki masizi upesi, ila teke lake kali. A400 huchota gesi ya baruti kwenye vitundu vya mtutu isukume pistoni, hivyo teke huja kama msukumo, si ngumi. Nilizipiga zote mbili asubuhi moja ya baridi kali, risasi zilezile, na tofauti niliisikia begani mara ya kwanza. Masizi ya A400 utayasafisha sana. Lakini usinunue bado: jaribu kwanza risasi za marisau ya chuma zenye urefu wa inchi 3. Bukini akiwa karibu, zinatosha kabisa.