Mshipa wa limfu au wa damu? Maswali ya maabara kutoka Moshi na Arusha

Nikitafuta mshipa wa limfu kwenye slaidi, nianze na alama gani? (Mwanafunzi wa patholojia, Moshi)

Anza na protini ya podoplanini, kwa kingamwili ya D2-40, inayoonyeshwa kwa rangi ya kahawia iitwayo DAB. Hupaka rangi utando wa seli za endothelia (zinazotanda ndani ya mshipa) za limfu na kuziacha tupu za mshipa wa damu. Lakini podoplanini iko pia kwenye mesothelia (utando wa mifuko ya mapafu na tumbo), kwenye tabaka la chini la ngozi, na kwenye seli za mioepithelia, zinazozunguka mifereji ya titi. Hii ya mwisho ndiyo ya hatari: mfereji wa maziwa uliojaa saratani ambayo bado haijapenya huzungukwa na duara la kahawia, na msomaji mwenye haraka akaandika kwamba saratani imeingia kwenye limfu. Mgonjwa ataubeba uzito wa sentensi hiyo. Ongeza p63, protini ya ndani ya kiini: kiini kikishika rangi pembezoni mwa duara, hiyo ni mioepithelia. Kisha PROX1, ambayo nayo husomwa ndani ya kiini. Ndiyo inayoiamuru seli iwe ya limfu. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba vijusi vya panya wasio nayo havijengi mishipa ya limfu. Utando kahawia na kiini kahawia kwenye mshipa uleule: hapo andika.

LYVE-1, alama nyingine ya limfu, je?

Ni nzuri kwa kapilari za limfu. Mishipa mikubwa inayokusanya huwa nayo kidogo sana, na inflamesheni huipunguza. Makrofaji (seli zinazomeza uchafu) na sinusoidi (mishipa midogo) za ini zinayo pia. Kwa hiyo usipoiona, usiseme limfu haipo.

Na CD31?

Iko kwenye mishipa ya aina zote mbili. Inakuambia tu kwamba hii ni endothelia.

D2-40 yetu inatoka hafifu, hata kwenye tonsili ya kulinganishia. Tunachemsha slaidi kwenye sufuria ya wazi. (Fundi wa maabara, Arusha)

Tonsili ikiwa hafifu, kosa si la sampuli ya mgonjwa, ni la utaratibu, na tunashuku hiyo sufuria. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; maji huchemka hapo yapata nyuzi 95, hata yakitokota vipi. Ndani ya chombo cha slaidi joto huwa chini zaidi, na fomalini iliyozifunga protini haiachii. Weka kipimajoto ndani ya chombo chenyewe. Tumia sufuria ya presha, dakika 3 tangu presha ikamilike, au ongeza muda kutoka dakika 20 hadi 40 bila bafa (maji ya kuchemshia yenye pH iliyopangwa) kukauka. Ziache zipoe dakika 20 humohumo; ukizitoa za moto, tishu hubanduka.

Bafa ya sitrati ya pH 6.0 ni gramu 2.94 za trisodiamu sitrati kwa lita ya maji yaliyotoneshwa, kisha pH ishushwe kwa asidi. Isipotosha, jaribu pH 9.0: Tris gramu 1.21 na EDTA gramu 0.37 kwa lita. Pima pH siku hiyohiyo. Vipande viwe vya maikroni 3 hadi 4, vikaushwe nyuzi 60 kwa saa moja. Sampuli nayo ikae kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 ya tishu, saa 6 hadi 72. Iliyosahaulika wiki nzima haiokolewi kirahisi.

Kaposi (saratani ya mishipa) ikishika D2-40, imethibitika?

Hapana. Virusi vya HHV-8, vilivyotambuliwa mwaka 1994, vikiingia kwenye endothelia ya damu huiwasha PROX1, na seli ikavaa alama za limfu. Uvimbe mwingine wa mishipa ya limfu nao hushika D2-40. Kinachothibitisha ni LANA-1, protini ya virusi hivyo, ambayo huonekana kama nukta nukta ndani ya kiini. Angalia pia hemosiderini, mabaki ya chuma cha damu, kwa kuwa Kaposi imejaa chembe hizo na rangi yake ni kahawia kama ya DAB. Paka kipande cha pili bila kingamwili ya kwanza: kahawia itakayobaki hapo haitokani na kingamwili hiyo.