Nikibadilishwa goti, nitapona kiasi gani? Maswali yenu

Wiki hii nimepata maswali mengi kuhusu goti bandia, na karibu yote yana wasiwasi mmoja. Nafanya kazi ya fiziotherapia. Wagonjwa hawa nakutana nao kabla ya upasuaji, kisha kesho yake wanapoinuka kitandani kwa mara ya kwanza.

Nina miaka 71. Wanangu wanasema nimechelewa. (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Umri peke yake hautuambii mengi. Mimi ningekuomba uketi kitini, ukunje mikono kifuani, usimame mara 5. Ukishindwa bila kushika kitu, misuli ya paja imelegea, na baada ya upasuaji italegea zaidi kabla ya kupata nguvu. Anza kuiimarisha sasa, hata kama goti linauma.

Nitaweza kusujudu? Daktari kasema tu "utatembea vizuri". (Mzee, Unguja)

Mzee wangu, wengi hulikumbuka swali hili mshono ukishapona. Goti bandia kwa kawaida hukunja nyuzi 110 hadi 120. Hizo zinatosha kupanda ngazi, kuketi kitini, kuingia kwenye daladala. Kukaa tahiyatu au kuchuchumaa chooni kunadai zaidi ya 130. Kinachoashiria zaidi litakavyokunja baadaye ni linavyokunja leo. Lala chali, weka kisigino juu ya mfuko wa plastiki, ukiburute kuelekea makalioni. Kikigoma kikiwa bado mbali na makalio, usitegemee sana goti jipya lifike. Kidonda kikishapona wapo wanaopiga magoti, lakini wengi hawapendi, maana ngozi pembeni ya kovu hubaki na ganzi. Basi mweleze daktari kabla: kwako kupona ni kurudi kwenye mkeka. Huenda ukaswali juu ya kiti, na dini imeruhusu, lakini ulijue sasa, si baadaye ukiwa na uchungu moyoni.

Eksirei imeonyesha goti limechakaa kidogo tu, ila silali kwa maumivu. Nataka libadilishwe. (Mwalimu, Morogoro)

Hapa nakuomba usiharakishe. Tafiti za Kanada na Uingereza zilionyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki na goti lake jipya, na wale ambao picha zao zilionyesha uchakavu mdogo wamo kwa wingi kundini humo. Maumivu yako ni ya kweli. Swali ni yanatoka wapi. Nyonga iliyosagika huuma gotini. Mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni vilevile. Omba nyonga na mgongo vipimwe. Halafu jiulize: unaumwa sehemu nyingine nyingi za mwili? Una huzuni au hofu isiyokuachia? Vitu hivyo huashiria maumivu yatakayobaki baada ya upasuaji, na vinatibika. Vitibiwe kwanza.

Mama ana kilo 104 na sukari. Itamsaidia kweli? (Binti, Nakuru)

Maumivu yake yanaweza kupungua karibu sawa na ya watu wembamba. Uzito usimnyime matumaini. Hatari iko kwenye kidonda: maambukizi humpata zaidi mwenye uzito mkubwa, na zaidi sana ambaye sukari yake haijatulia. Omba kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari yake kwa miezi 3 iliyopita. Kikiwa juu, kusogeza tarehe ni kumlinda.

Goti linadumu miaka mingapi? (Msomaji, Mwanza)

Kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa wa goti bandia huko Australia na Finland, zilizochambuliwa mwaka 2019, zinaonyesha kama magoti 8 kati ya 10 hufikisha miaka 25.

Wiki ya 6 sasa, goti lina joto na usiku silali. Nimefeli? (Mama, Dodoma)

Hapana, dada. Joto na uvimbe bado ni kawaida, na goti huendelea kuwa bora hadi mwaka mzima. Ninachotaka kujua ni hiki: ukikaa ukingoni mwa kitanda, unyayo unaingia chini ya goti, yaani nyuzi 90? Kama bado, rudi kwa daktari wiki hii hii, kwa kuwa goti lililokaza hukunjwa na daktari kwa urahisi zaidi mapema, ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi. Lakini ukiona usaha, homa, shavu la mguu limevimba na linauma, au kifua kinabana, nenda hospitali leo. Usingoje siku ya kliniki.